Ukibadilisha Jina, Hukumu Haibadiliki
Darsa kuhusu mkopo wa simu, kuvunja dola na ikimina



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, kuna swali linalorudi katika darsa zetu kila pesa ya matumizi inapochelewa. Mtu anasema: "Nimekopa kwenye simu. Hawakuandika riba, wameandika ada. Tena huduma yenyewe imeruhusiwa na serikali. Tatizo liko wapi?"

Swali hili tusilipuuze, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida ana njaa au anadaiwa kodi ya chumba. Lakini ndani yake mna madai mawili. La kwanza ni kwamba kitu kikipewa jina jingine kimekuwa kitu kingine. La pili ni kwamba jambo likiruhusiwa na sheria ya nchi, mazungumzo yamekwisha. Tutayapima madai hayo kwa mambo matatu tunayoyaona hapa Gisenyi kila wiki: mkopo wa simu, kuvunja dola, na ikimina.

Maswali matatu ya kila muamala

Kila pesa inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, Muislamu ana maswali matatu ya kujibu.

La kwanza: je, sheria ya nchi inaruhusu? Hili ni swali la dini pia, si la polisi peke yao. Allah (s.w.) ametuamrisha kuwatii wenye mamlaka juu yetu (4:59) na kutimiza mikataba (5:1). Sheria inayolinda mali za watu haivunjwi kwa kisingizio kwamba haikuandikwa kwa Kiarabu.

La pili: je, Sharia inaruhusu? Hapa tunaangalia mkataba wenyewe, kama una riba, udanganyifu au mambo yasiyojulikana.

La tatu: je, ni uadilifu na ihsani? Allah (s.w.) ameamrisha vyote viwili katika aya moja (16:90). Mkataba unaweza kuwa sahihi kwa fiqhi, na bado ukawa wa kumkamua mtu aliyebanwa.

Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akaeleza kwamba mvua ndiyo iliyolowesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Tazameni: kuuza chakula ni halali, na mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa kukipanga ili mnunuzi asijue anachonunua. Jambo hilo ndilo tutakalolitafuta katika mifano yetu.

Mfano wa kwanza: mkopo wa simu

Majirani zetu wa Kenya walianza mapema, basi tujifunze kwao. Novemba 2012 Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari. Mtu aliweza kuweka akiba na kukopa kwa simu, bila dhamana na bila kwenda benki. Mkopo ulikuwa wa siku 30, na mkopaji alitozwa asilimia 7.5 iliyoitwa ada ya uwezeshaji. Ukikopa shilingi 1,000 unarudisha 1,075. Ukishindwa kulipa kwa siku 30 na mkopo ukasogezwa mbele, unatozwa tena.

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuweka ukomo wa riba za mikopo ya benki, ikaanza kutumika tarehe 14 Septemba 2016. Benki haikutakiwa kuzidisha zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kwa kuwa kiwango hicho wakati ule kilikuwa karibu asilimia 10, ukomo ulikuwa karibu asilimia 14 kwa mwaka.

Sasa piga hesabu. Asilimia 7.5 kwa mwezi, mara miezi 12, ni asilimia 90 kwa mwaka. Je, ada ile ilishushwa? Haikushushwa. Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba hii ni ada, si riba, kwa hiyo sheria ya riba haiihusu. Ukomo wenyewe uliondolewa Novemba 2019.

Sisemi kwamba mtu alivunja sheria. Ninachosema ni kwamba sheria ilikuwa imelikamata neno, na neno lilipobadilika, pesa ikapita. Hivyo ndivyo sheria za nchi zinavyokuwa mara nyingi: huhukumu kwa maneno yaliyoandikwa ndani yake.

Kenya hiyo hiyo inatupa funzo jingine. Kwa miaka kadhaa zilienea programu za kukopesha zilizokuwa zikifungua orodha ya namba za simu za mdaiwa, kisha zikiwapigia mama yake, mwajiri wake na marafiki zake ili kumwaibisha. Sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu ilitiwa saini Desemba 2021, na kanuni zake zikatoka Machi 2022, zikikataza vitisho na aibu za namna hiyo. Je, kabla ya Desemba 2021 kumwaibisha mdaiwa kulikuwa jambo jema? Kila mwenye akili anajua halikuwa jema. Maadili yalikuwepo, na sheria ilichelewa kuyafikia.

Fiqhi inakwenda kwa njia nyingine. Mafaqihi wameweka kanuni kwamba mikataba huangaliwa kwa makusudio na maana yake, si kwa matamshi yake. Ukimpa mtu pesa ili aimiliki na akurudishie mfano wake, huo ni mkopo hata ukiuita zawadi. Na nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba hata ukiiita ada, shukrani au mchango.

Je, kila ada ni haramu? Hapana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman, Oktoba 1986, liliulizwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kuhusu ada za huduma za mikopo. Likajibu kwamba inafaa kutoza ada kwa sharti isivuke gharama halisi za huduma, na kila kinachozidi gharama hizo ni riba. Kutokana na hapo tunapata kipimo ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kukitumia:

1. Je, ada inakua kadiri mkopo unavyokua?
2. Je, ada inakua kadiri siku zinavyopita?
3. Je, kuna kazi halisi inayolipiwa, na gharama yake inajulikana?

Chukua faranga 10,000 na faranga 100,000. Kazi ya kuzituma kwa simu ni ile ile, ujumbe mmoja na kubofya mara chache. Kama ada ni asilimia 7.5, wa kwanza atalipa 750 na wa pili 7,500. Zile 6,750 za ziada zimelipia kazi gani? Hakuna kazi. Zimelipia ukubwa wa pesa na muda wake, na hiyo ndiyo riba tunayoijua.

Hapa Rwanda mikopo ya simu nayo ipo. MoKash, kwa mfano, imekuwepo tangu 2017. Usinisikilize mimi wala aliyeitangaza. Fungua masharti ya huduma unayoitumia, uipime kwa maswali hayo matatu, na ukibaki na shaka mpelekee sheikh wako ukiwa na masharti yenyewe mkononi.

Lugha nayo huchangia kutuchanganya. Kwa Kinyarwanda neno "inyungu" ni faida ya muuza viazi, na ni nyongeza ya mkopeshaji vile vile. Mtu akisikia neno moja kwa vitu viwili hudhani ni kitu kimoja. Qur'ani imekwisha kutaja watu waliosema biashara ni sawa na riba, na imejibu kwamba Allah amehalalisha biashara na ameharamisha riba (2:275). Muuza viazi ananunua gunia, analibeba, viazi vinaweza kuoza, bei inaweza kushuka. Mkopeshaji wa riba anataka nyongeza yake hata gunia lako likioza lote.

Mfano wa pili: kuvunja dola

Gisenyi na Goma ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Petite Barrière inapitisha watu wengi kila siku, na pochi ya mfanyabiashara wa hapa huwa na faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola za Marekani. Kwa hiyo hukumu ya kubadilishana fedha, ambayo vitabu huiita sarf, kwetu si somo la mtihani tu.

Msingi wake ni hadithi ya Ubada bin Swamit (r.a.) katika Sahih Muslim, iliyotaja dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Aina moja kwa aina hiyo hiyo, iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Aina zikitofautiana, uzeni mtakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Baraza la Fiqhi, katika kikao kile kile cha Amman, lilithibitisha kwamba noti za karatasi zina hukumu ya dhahabu na fedha.

Kwa hiyo dola kwa faranga, bei ni makubaliano yenu, lakini makabidhiano ni papo hapo. Mtu akikwambia, "Nipe dola 100 leo, Ijumaa nitakuletea faranga kwa bei nzuri zaidi," hiyo si biashara hata mkipeana mikono. Ni sarf iliyocheleweshwa, na hiyo ni riba. Akihitaji dola, mkopeshe dola 100 na akurudishie dola 100. Siku ya kulipa, kama hana dola, mnaweza kukubaliana alipe kwa faranga kwa bei ya siku hiyo, deni likaisha pale pale. Ibn Umar (r.a.) alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu kwa bei ya siku ya malipo, maadamu hawaachani na kitu bado baina yao.

Hapa swali la kwanza na la pili huachana kwa upande mwingine. Kuvunja dola papo hapo na kijana aliyesimama kando ya barabara ni mkataba sahihi kwa fiqhi, lakini sheria ya nchi inataka anayefanya kazi hiyo awe na leseni ya Benki ya Taifa ya Rwanda (BNR). Je, tuseme "Sharia imeruhusu" tuipuuze leseni? Hapana. Leseni inamlinda mteja dhidi ya noti bandia na mahesabu ya haraka haraka, na kulinda mali ni katika makusudio makuu ya Sharia. Kwa anayekopesha mtaani kwa mtindo wa Banque Lambert, bila leseni na kwa nyongeza ya kila mwezi, sheria zote mbili zinamkataa.

Kisha kuna swali la tatu. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, benki za mji ule zilifunga milango. Pesa za watu zikabaki kwenye akaunti na kwenye simu, noti zikawa adimu, na wengi wakavuka kuja upande wetu kutafuta pesa taslimu. Wakati kama huo mwenye noti ana uwezo wa kupanga makato apendavyo. Tuseme mtu ana faranga 100,000 kwenye simu, na mwenye noti anampa 90,000.

Fiqhi itauliza: zile 10,000 ni nini? Kama ni kubadilisha faranga kwa faranga ya nchi ile ile, kupungua hakufai, kwa sababu aina ni moja. Kama ni ujira wa kazi halisi ya kusafirisha na kulinda noti, ujira unafaa. Lakini tukishakubali kwamba ni ujira, bado tuulize: ujira huu ungekuwa kiasi gani kama mtu huyu asingekuwa mkimbizi? Tofauti ya bei hizo mbili ni bei ya shida yake. Pengine hakuna askari wala kadhi atakayekushika kwa ajili yake, ila utaulizwa.

Mfano wa tatu: ikimina

Ikimina ni katika mambo mazuri ya jamii yetu. Wengi wetu tuko chuoni kwa sababu mama zetu wamo ndani ya vikundi hivyo. Lakini kuna aina mbili.

Ya kwanza ni ya kupokezana: watu kumi wanachanga kiasi kimoja kila mwezi, na kila mwezi anapokea mmoja. Kila mtu anapata alichotoa, bila kuzidi wala kupungua. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameikubali, kwani ni mikopo mema ya kuzungushana.

Ya pili ni ya kukopeshana kwa nyongeza. Watu kumi wanachanga faranga 20,000 kila mmoja, mfuko una 200,000. Dada mmoja, mtoto wake ni mgonjwa, anakopa 100,000 na kurudisha 110,000. Mwisho wa mwaka ile 10,000 inagawiwa. Watetezi husema, "Hii si riba, pesa inarudi kwetu wenyewe."

Tufuate faranga zenyewe. Kila mmoja anapata 1,000. Wale tisa ambao hawakuwa na mgonjwa wamepata 9,000 kwa jumla. Dada amelipa 10,000 na kurudishiwa 1,000, basi ametoa 9,000. Hazikurudi kwa "sisi wenyewe". Zimetoka kwa aliyebanwa kwenda kwa wasiobanwa. Na kadiri mtu anavyokopa zaidi kwa shida zake ndivyo anavyowalipa wenzake zaidi.

Njia mbadala zipo. Kikundi kinaweza kufanya biashara ya kweli kwa mfuko ule, kununua vitunguu au vitenge na kuuza, wagawane faida na hasara. Kinaweza kutenga fungu la mkopo mwema lisilo na nyongeza. Na mwanachama anapohitaji kitu, kama kompyuta, kikundi kinaweza kukinunua, kikakimiliki, kisha kikamuuzia kwa awamu kwa bei iliyotajwa. Akichelewa, bei haiongezeki.

Kipimo hiki kituhukumu na sisi

Ingekuwa dhulma kuwapima wengine kwa kanuni hii na kujisamehe sisi. Kikundi cha Waislamu kikisema, "Tumekuuzia kompyuta kwa 330,000 ya kulipa baadaye," kisha papo hapo "tumeinunua kwako kwa 300,000," na kompyuta haikutoka dukani, kilichotokea ni kwamba umepewa 300,000 na unadaiwa 330,000. Neno "mauzo" limekuwa pazia tu. Mwaka 2009, mjini Sharjah, Baraza la Fiqhi lilitoa uamuzi kwamba tawarruq iliyopangwa, yaani mauzo ya mzunguko yanayoandaliwa na benki ili mteja apate pesa taslimu, haifai. Uamuzi huo ulizihusu benki zenye jina la Kiislamu.

Eneo letu lina taasisi za namna hiyo: Kenya tangu 2008, Amana Bank ya Tanzania tangu 2011, na Uganda, ambako sheria iliyoziruhusu ilipitishwa 2016. Tuzipende, na tuziulize maswali yale yale: mali iko wapi, nani aliimiliki, nani angebeba hasara ingeharibika?

Tufanye nini?

Aliyekwisha kukopa kwa riba alipe haraka, kwa sababu mkataba unamfunga na kuchelewa kunamwongezea mzigo. Kisha atubie na asirudie. Aliye katika dharura ya kweli ya chakula au matibabu amwone sheikh kabla ya kukopa, na kabla ya hapo atuone sisi ndugu zake. Simu mpya si dharura.

Na sisi jumuiya tuna jukumu. Haitoshi kumwambia mwenye njaa "hiyo ni haramu" kisha tukaenda kula. Napendekeza tuanzishe mfuko wa mkopo mwema: kila mwenye uwezo achange kidogo kwa mwezi, kila deni liandikwe na lishuhudiwe kama ilivyoamrishwa katika aya ndefu kuliko zote (2:282), pasiwe na nyongeza, na aliyebanwa apewe muda mpaka apate wepesi (2:280). Anayekopa naye ajue uzito wake. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyedaiwa dinari chache, akawaambia masahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile ndipo akamswalia. Mfuko utakufa siku wakopaji watakapoona kwamba kukosekana kwa riba ni ruhusa ya kutolipa.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Taja ada moja unayolipa kwenye simu, uipime kwa maswali matatu ya ada. Matokeo ni nini?
2. Ajenti anatoza makato makubwa zaidi usiku. Ni ujira wa kazi ya ziada au bei ya shida ya mteja? Utatofautisha vipi?
3. Ikimina ya nyumbani kwenu ni ya aina gani? Kama ni ya pili, utaanzaje kuzungumza na wazee kwa adabu?
4. Mfuko wetu ukianzishwa, nani ataandika, nani atashuhudia, na tutafanya nini mtu asipolipa?

Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na haramu yake, na awafanyie wepesi wote wenye madeni. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.